Mtoto amelala, ganzi ya nini tena?

Msomaji mmoja wa safu hii, ambaye ni muuguzi katika hospitali ya kaunti, ameniletea swali lililonifanya niahirishe nilichokuwa nimepanga kuandika juma hili. Anasema kila wiki yeye hukaa na wazazi ambao watoto wao wanaenda kutolewa tonsili, akiwaeleza kwa Kiswahili kitakachofanyika kabla hawajatia sahihi. Wakifika mahali panaposema kwamba mtoto atapewa nusukaputi, kisha akiwa amelala adungwe dawa ya ganzi kooni, mazungumzo hukwama. Baba mmoja alimuuliza: "Sista, si umesema atakuwa amelala fofofo? Sasa ganzi ya nini tena? Ama hiyo nusukaputi yenu haifanyi kazi?" Muuguzi anataka kujua kama sisi watu wa lugha tuna namna bora ya kuyatenganisha maneno hayo mawili.

Namna ipo, nami nitaifikia. Lakini swali la mzazi huyo ni kubwa kuliko lugha. Madaktari bingwa wa Ulaya na Marekani waliulizana hilo hilo kwa karibu karne nzima, na hata leo jibu lao si la kukata na shoka. Historia yake inastahili kusimuliwa.

Nianze na maneno yenyewe. Ganzi ni neno kongwe na la nyumbani. Aliyekula embe bichi anajua meno kuingia ganzi. Aliyekunja mguu mkekani kwa muda mrefu anajua mguu kufa ganzi. Katika hali zote mbili mtu yuko macho, anajua aliko na anaongea na wenzake, ila sehemu fulani ya mwili wake imeacha kuleta habari. Watu wa pwani na visiwani walijua hata njia ya kuiita ganzi kwa hiari: punje ya karafuu iliyobanwa kwenye jino bovu. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eujenoli, na madaktari wa meno wanaitumia hadi leo.

Nusukaputi ni mgeni. Nusu tuliipata kwa Waarabu. Kaputi, wanavyoeleza wengi wa walimu wetu, ni ile kaputt ya Wajerumani, yaani kilichoharibika au kilichokwisha. Nusu ya kufa, basi. Hapa mtu mzima ndiye anayeondoka, si kiungo kimoja. Kwa hiyo Kiswahili kimeshachora mpaka: ganzi huzima mahali, nusukaputi humzima mtu. Mpaka huo tuushike, kwa sababu hoja yote inauzunguka.

Kuhusu tonsili zenyewe, kamusi zetu zinalo neno mafindofindo, lakini hilo hutaja uvimbe na ugonjwa kuliko viungo vyenyewe. Jirani yake, kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, ndicho kilichopata jina lake kamili, na si ajabu. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kimeo ndicho kilichokuwa kikilaumiwa mtoto akikohoa bila kukoma, akitapika au akikataa kunyonya, na kimeo ndicho kilichokatwa na mganga, bila ganzi wala nusukaputi. Madaktari wameandika sana juu ya watoto waliofikishwa hospitalini wakivuja damu au wakiwa na pepopunda baada ya kukatwa. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba upasuaji wa tonsili wa Kizungu nao ulipitia kwenye kimeo. Mwaka wa 1828, Philip Syng Physick wa Philadelphia alitangaza chombo cha kukatia tonsili, na chombo hicho alikipata kwa kukifanyia marekebisho kifaa cha kukatia kimeo. Kilikuwa kama kijembe kinachoteleza ndani ya pete: unaiingiza tonsili kwenye pete, unasukuma, imekatika.

Kabla ya hapo watu walitumia vidole. Celsus, mwandishi Mroma wa karne ya kwanza, anaeleza jinsi ya kuizungushia tonsili kidole na kuing'oa, au kuivuta kwa ndoano na kuikata kwa kisu, kisha kuosha jeraha kwa siki. Siki kwenye kidonda kibichi! Ukiisoma sehemu hiyo unahisi koo lako likijikaza.

Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka wa 1846, na klorofomu ikafuata Edinburgh mwaka wa 1847. Ungedhani tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekatwa koo akiwa macho. Wapi! Roald Dahl, mwandishi wa hadithi za watoto anayejulikana dunia nzima, ameeleza katika kitabu chake *Boy* jinsi daktari mmoja wa Norway alivyomwambia afungue kinywa, mwaka wa 1924, akamkata nyama za nyuma ya pua bila dawa yoyote, na baadaye akarudi nyumbani kwa miguu. Anasema kufanya hivyo lilikuwa jambo la kawaida siku hizo. (Dahl ndiye yule aliyekuja Dar es Salaam mwaka wa 1938 kufanya kazi na kampuni ya Shell, akajifunza Kiswahili.) Sababu ya ukatili huo haikuwa ukosefu wa dawa pekee. Kazi yenyewe ilichukua sekunde chache, na nusukaputi ya wakati huo iliweza kuua. Watu wazima waliamini kwamba mtoto husahau.

Dawa ya ganzi ya hospitalini ilizaliwa mjini Vienna, na aliyeileta ni kijana wa miaka 26. Hapa naomba nikae kidogo, maana kisa hiki ni kitamu.

Majani ya koka yalitafunwa milimani Andes kwa karne nyingi kabla ya Albert Niemann wa Göttingen kutenga kemikali yake, akaiita kokeini na kuandika mwaka wa 1860 kwamba inautia ulimi ganzi. Habari hiyo ikakaa vitabuni karibu miaka 25. Julai 1884, daktari mmoja kijana aliyeitwa Sigmund Freud, ambaye bado hakuwa maarufu, alichapisha makala marefu ya kuisifu kokeini. Aliiona kama dawa ya uchovu, ya huzuni, ya kuwaachisha watu mofini. Ganzi aliigusia tu mwishoni, kisha akafunga safari kwenda kumwona mchumba wake.

Rafiki yake Carl Koller, aliyekuwa akitaka kuwa daktari wa macho, alibaki Vienna. Koller alikuwa na shida moja kichwani: upasuaji wa jicho unahitaji mgonjwa aliye macho na anayetulia, na etha haikumpa hilo, kwa kuwa mgonjwa aliamka akitapika na kuharibu kazi. Siku moja mwenzake aliyeionja kokeini akasema kwamba inaufisha ulimi. Koller akajibu kwamba kila aliyeionja anasema hivyo. Na papo hapo akatambua kwamba anachokitafuta amekibeba mfukoni. Akakimbilia maabara. Akaanza na jicho la chura, halafu sungura, halafu mbwa, halafu yeye na mwenzake wakajitia matone machoni na kujigusa mboni kwa kichwa cha pini. Hawakuhisi kitu.

Mnamo Septemba 15, 1884, ugunduzi huo ulisomwa mbele ya mkutano wa madaktari wa macho mjini Heidelberg. Koller mwenyewe hakuwepo. Hakuwa na nauli! Daktari mwingine, Josef Brettauer, ndiye aliyemsomea. Freud aliporudi kutoka kwa mchumba wake alikuta rafiki amekuwa maarufu kwa jambo lililokuwa kiganjani mwake.

Kutoka jichoni hadi kooni hapakuwa mbali. Mwaka huo huo wa 1884, hapo hapo Vienna, Edmund Jelinek alianza kupaka kokeini kooni kwa wagonjwa waliohitaji kutazamwa na kufanyiwa kazi ndani ya koo. Kwa mara ya kwanza daktari wa koo aliweza kuingiza chombo bila mgonjwa kutapika au kumng'ata. New York nako William Halsted na wenzake wakaanza kudunga kokeini karibu na neva zenyewe na kuufisha upande mzima wa taya. Walijijaribu wenyewe, na kokeini ikawashika. Halsted aliendelea kuwa mmoja wa wapasuaji wakubwa kabisa wa Marekani, lakini maisha yake yote yaliyobaki alipambana na uraibu.

Kwa hiyo ilitafutwa ganzi isiyolevya. Alfred Einhorn wa Munich aliipata mwaka wa 1904, ikaitwa prokaini, na mwaka wa 1905 Heinrich Braun akaitangaza kwa madaktari ikiwa imechanganywa na adrenalini. Adrenalini huibana mishipa midogo ya damu, hivyo dawa hukaa mahali ilipodungwa na damu haimwagiki sana. Mchanganyiko huo, chini ya jina la Novocain, ndio uliowakalisha vitini watu wazima wengi wa mwanzo wa karne ya 20 wakatolewa tonsili wakiwa macho, beseni mapajani.

Ila tuangalie: hadi hapo ganzi ilikuwa mbadala wa nusukaputi. Ulichagua moja. Watu wazima walipata ganzi, watoto wakapata nusukaputi au wasipate chochote. Hakuna aliyesema mtu apewe zote mbili, kama ambavyo huvai viatu juu ya viatu. Mzazi wetu wa leo anafikiri hivyo hivyo.

Aliyeivunja fikra hiyo ni George Crile wa Cleveland, Marekani. Crile alishughulishwa sana na wagonjwa waliozirai na kufa baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Akafikia hitimisho kwamba etha humfunika mgonjwa asijue, lakini haizuii habari za kisu kufika kwenye ubongo. Neva zinaendelea kupiga kelele huku mwenyewe amelala. Kwa hiyo akawa anawalaza wagonjwa, kisha anadunga ganzi pale pale atakapopasua, neva zisiwe na la kusema. Mwaka wa 1914 aliandika kitabu kizima kuhusu njia hiyo pamoja na mwenzake William Lower. Nadharia yake kuhusu kuzirai ilikuwa na makosa mengi na haikudumu. Lakini ule msingi, kwamba kulala si sawa na kutoumizwa, naona ulikuwa sahihi, na ulimtangulia mno kwa wakati.

Hapo ndipo ninapoweza kumjibu muuguzi. Mfano ninaoupenda ni wa nyumba. Nusukaputi humlaza mwenye nyumba, haifungi mlango. Mwizi akivunja usiku, mwenye nyumba hatasikia, lakini asubuhi ataamka akute ukuta umetobolewa na vitu vimetawanyika. Ganzi hufunga mlango. Mzazi anaweza kuambiwa hivi: nusukaputi ni ili mtoto asijue anapopasuliwa, ganzi ni ili koo lenyewe lisijue, na mtoto akiamka asipate maumivu makali. Sipendekezi istilahi mpya hapo. Maneno mawili tuliyo nayo yanatosha, mradi tusiyatumie kana kwamba ni majina mawili ya kitu kimoja, kama baadhi ya vijikaratasi vya hospitalini vinavyofanya.

Basi, Crile alisikilizwa? Kooni mwa watoto, hapana. Miaka iliyofuata ilikuwa ya pupa ya kutoa tonsili. Mwaka wa 1934 shirika moja la afya ya watoto la Marekani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 1,000 wa shule za New York wenye umri wa miaka 11. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kutolewa tonsili. Wale 389 waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, ambao walisema 174 wafanyiwe upasuaji. Wakachukuliwa 215 walioambiwa ni wazima, wakapelekwa kwa madaktari wengine. Hao nao wakachagua 99. Waliobaki 116 wakapelekwa kwa wengine tena, 51 wakachaguliwa. Mwishoni, kati ya watoto 1,000 walibaki 65 tu ambao hakuna aliyewataka meza ya upasuaji. Nani angepata muda wa kufikiria maumivu ya siku ya tatu katika kiwanda kama hicho?

Na siku ya tatu ndiyo yenye mambo. Ni vyema msomaji ajue kinachoachwa kooni. Jeraha la tonsili halishonwi wala halifungwi bendeji. Huachwa wazi kama shimo, likaota utando mweupe, na kila mtoto anapomeza mate, misuli ya koo hulibana. Kiswahili kina kitenzi kizuri sana cha jambo hilo: kutonesha. Unapogonga kidonda kile kile kabla hakijapona, umekitonesha. Mtoto aliyetolewa tonsili hujitonesha mchana kutwa, na kwa sababu neva inayohudumia koo ina tawi lake sikioni, atalia pia kwamba sikio linamuuma ilhali sikio ni zima. Akiogopa kumeza hanywi. Asipokunywa anakaukiwa maji mwilini na kurudishwa hospitalini. Maumivu haya si mambo ya kudeka.

Dawa zenyewe zilizidi kuboreshwa. Nchini Uswidi, mwanakemia Holger Erdtman alionja kiungo alichokuwa ametengeneza maabarani miaka ya 1930, ulimi wake ukafa ganzi. Kutoka hapo Nils Löfgren na Bengt Lundqvist wakafika kwenye lidokaini mwaka wa 1943. (Niemann alionja, mwenzake Koller alionja, Erdtman akaonja. Sijui sayansi hii ingefika wapi bila ndimi za watu wasioogopa.) Mwaka wa 1957, huko huko Uswidi, ikatengenezwa bupivakaini, ambayo ganzi yake huchukua saa kadhaa badala ya saa moja au mbili.

Fikra ya Crile ilifufuka miaka ya 1980. Mwaka wa 1983, Clifford Woolf, akifanya kazi London, alichapisha katika jarida la *Nature* majaribio ya panya yaliyoonyesha kwamba baada ya kuumizwa, uti wa mgongo wenyewe hubadilika: hata mguso mdogo sasa hupokewa kama maumivu. Wahenga walikwisha kusema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Woolf aliukuta ung'ongo huo ndani ya neva. Mwaka wa 1988, Patrick Wall, mmoja wa magwiji wa utafiti wa maumivu, akaandika tahariri akiwataka madaktari wafikirie kuyazuia maumivu ya baada ya upasuaji kabla hayajaanza. Usingoje mtoto aamke akilia. Dunga kabla ya kisu, na neva hazitajifunza kushtuka.

Koo la mtoto lilikuwa mahali pazuri pa kuipima hoja hiyo. Mwaka wa 1991, Jebeles na wenzake wa Alabama walichapisha jaribio la watoto 22. Wote walilazwa kwa nusukaputi. Kabla ya kukatwa, baadhi walidungwa bupivakaini kuzunguka tonsili, wengine wakadungwa maji ya chumvi. Kisha wakafuatiliwa kwa siku kumi, wakiulizwa maumivu yakoje wakiwa wametulia, wakimeza mate, wakinywa maji. Waliopata ganzi waliumia kidogo zaidi, na kilichowashangaza wengi ni kwamba tofauti iliendelea kuonekana siku nyingi baada ya dawa yenyewe kwisha mwilini. Kumbe Crile alikuwa na hoja!

Matumaini yakapanda, majaribio yakaongezeka, na majibu yakaanza kugongana. Wengine waliona nafuu, wengine hawakuona chochote. Karne ya 20 ilipokuwa ikiisha, Hollis, Burton na Millar wa Uingereza waliyapitia majaribio hayo kwa ajili ya maktaba ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kuchambua ushahidi wa matibabu bila upendeleo. Waliyoyakuta yenye viwango yalikuwa machache, tena madogo. Wakaandika kwamba hakuna ushahidi kuwa ganzi inapunguza maumivu baada ya kutolewa tonsili.

Hapa mtu wa lugha ana haki ya kunyoosha mkono. "Hakuna ushahidi kwamba inasaidia" na "kuna ushahidi kwamba haisaidii" ni sentensi mbili tofauti kabisa. Katika ya kwanza kinachokanushwa ni ushahidi. Katika ya pili kinachokanushwa ni dawa. Kikanushi kimehama mahali, na maana imehama nacho. Wachambuzi wa Cochrane walisema ya kwanza, wakaomba majaribio makubwa zaidi. Wengi waliowasoma juu juu waliondoka na ya pili. Nimesikia hata wasomi wakiyachanganya haya redioni, tena kwa kujiamini.

Mwaka wa 2008, Grainger na Saravanappa, nao wa Uingereza, walikusanya majaribio yaliyokuwa yameongezeka na kuyajumlisha. Jibu lao lilikuwa la wastani: ganzi inapunguza maumivu, kwa kiasi kidogo. Na waliona kwamba pamba iliyolowekwa dawa na kuwekwa kwenye jeraha inaelekea kufanya kazi sawa na sindano. Jambo hilo si dogo, kwa sababu sindano kooni ina hatari zake. Mshipa mkubwa unaopeleka damu ubongoni unapita karibu. Dawa ikiingia kwenye damu, mtoto anaweza kupata degedege. Ikisambaa hadi kwenye neva zinazoongoza nyuzi za sauti, anaweza kuamka akipumua kwa shida. Visa vya namna hiyo vimeripotiwa, ingawa ni vichache.

Mtu atauliza: kama nafuu ni ndogo, ya nini kuhangaika? Jibu liko kwenye dawa nyingine. Kwa miaka mingi watoto waliotolewa tonsili walipewa kodeini nyumbani. Kodeini yenyewe haina nguvu nyingi. Ini ndilo linaloigeuza kuwa mofini. Kuna watu ambao ini lao, kwa sababu ya urithi, huigeuza haraka mno na kwa wingi. Mwaka wa 2009, madaktari wa Kanada waliripoti kifo cha mtoto wa miaka miwili aliyetolewa tonsili na kupewa kodeini kwa kipimo cha kawaida. Visa vingine vikafuata, na Februari 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaweka onyo kali kabisa dhidi ya kuwapa kodeini watoto baada ya upasuaji huu. Mwaka wa 2017 ikaipiga marufuku kwa walio chini ya miaka 12.

Na hili linatuhusu sisi wa upande huu wa dunia zaidi ya wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1996, ukiongozwa na Eleni Aklillu, uliwapima watu wa Ethiopia na kukuta kwamba asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo inayogeuza kodeini kuwa mofini. Kaskazini mwa Ulaya wenye hali hiyo ni wachache sana. Kipimo salama kwa mtoto wa Stockholm, basi, si lazima kiwe salama kwa mtoto wa Addis Ababa, na Addis ni kwa majirani zetu. Kila kiasi cha maumivu kinachoweza kuzimwa kwa ganzi, kwa parasetamoli, kwa dawa za kupunguza uvimbe, ni kiasi kisichohitaji dawa za jamii ya mofini. Naona hapo ndipo ganzi inapopata kazi yake ya haki: msaidizi katika timu, si nyota wa mchezo. Kama itumike kwa mtoto fulani, na kwa sindano au kwa pamba, hilo ni la daktari atakayempasua.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kwetu wanaisimu. Majaribio yote niliyoyataja yalisimama juu ya msingi mmoja: mtoto aliulizwa, naye akajibu. Mwaka wa 1975 Ronald Melzack wa Montreal alitoa hojaji yenye maneno 78 ya Kiingereza ya kueleza maumivu, kwa sababu aligundua kwamba "inauma sana" haimwambii daktari mengi. Kwa watoto, miaka ya 1980, Donna Wong na Connie Baker wa Oklahoma walichora nyuso sita, kutoka ya kucheka hadi ya machozi. Nyuso hizo zimezunguka dunia, na nimeziona zimebandikwa katika wodi zetu pia.

Lakini Kiswahili kina maneno yake, na ni mengi. Koo hukereketa. Kidonda huchoma, huwasha, hupwita. Jino huvuta. Kichwa hugonga. Tumbo husokota, mgongo hukaza, kidonda kikitoneshwa hututumua upya maumivu yaliyokuwa yamelala. Mtoto wa Malindi anayesema koo linamkereketa hasemi sawa na yule wa Kitale anayesema linamchoma. Wa kwanza huenda anakaribia kupona, wa pili pengine bado hajaweza kunywa uji. Nimeanza kuyaorodhesha maneno ya namna hii pamoja na wanafunzi wangu wa isimu, tukianza na yale ya koo na kinywa. Tumefikia 31. Wauguzi, mama na nyanya mnaosoma safu hii, hasa mlio Lamu, Taita na Vanga, nitumieni yale mnayoyasikia kutoka kwa watoto wenyewe, mkitaja na umri wa mtoto na mahali.